Hatujabeba Maiti

Shangazi wa marehemu mume wangu anaishi Butiama, upande wa njia inayopanda kwenda Mwitongo, nyumbani kwa Mwalimu Nyerere. Jumamosi moja ya Juni mwaka jana alituona tukikata kona ya kwake. Alikuwa anapepeta mtama. Aliitazama pikapu, akalitazama lile boksi la bati lililofungwa nyuma yake, ungo ukamtoka mikononi. Kabla sijazima injini alikuwa tayari ameweka mikono kichwani.

"Mkwe wangu, nani tena?" alilia. "Nani tena?"

Majirani wawili walishatoka, mmoja anajifunga kitenge kiunoni huku anakimbia. Ilinibidi niteremke mbio, nimshike mabega, nimwambie hakuna aliyefariki. Tumekuja kutembea.

"Kutembea?"

"Ndiyo, shangazi. Kutembea tu."

"Basi sema nani anaumwa."

Mpaka chai inachemka alikuwa bado hajaamini. Alikuwa anamtupia jicho mjukuu wangu wa kiume, kama anayetafuta usoni mwa mtoto ile habari ambayo wakubwa wameificha. Simlaumu. Kwa hesabu yake, na yeye ndiye mwenye hesabu, pikapu ile ilishafika pale mara sita, na mara zote sita ilileta jeneza au ilileta waliaji.

Sisi watu wa Mara tunasafiri sana, asitokee mtu akasema hatusafiri. Mtu atatoka Tarime usiku akazike Majita, arudi, keshokutwa yuko Mugumu kwenye matanga mengine. Lakini tunasafiri kwa ajili ya marehemu. Ndugu akiwa mzima hatumwendei. Tunamsubiri afe, ndipo tunakodi basi. Najua nitanuniwa kwa kusema hivi, hasa na upande wa ukweni. Lakini nami niliishi hivyo hivyo mpaka nilipovuka miaka sitini, na kilichonitoa huko ni pikapu mbovu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwalimu wa UPE (Elimu ya Msingi kwa Wote), wale ambao watani walituita "Ualimu Pasipo Elimu". Azimio la Musoma lilipitishwa hapa hapa mjini kwetu mwaka 1974, nikiwa darasa la sita. Lilitaka kila mtoto aingie shule, na kwa kuwa walimu hawakutosha, sisi tuliomaliza darasa la saba tukashikishwa chaki. Nilifundisha mpaka 2021. Ilipotoka kiinua mgongo, kila mtu alijua nifanye nini nacho. Fuga kuku. Nunua bodaboda mbili uwape vijana. Nunua kiwanja Bunda, Bunda inakua. Hakuna aliyesema: mama, pumzika, nenda ukaone mahali.

Nje ya nyumba yangu Bweri, hapa Musoma, chini ya mwarobaini, palikuwa na Toyota Hilux ya mwaka 1986, milango minne, injini ya dizeli, ile wanayoiita 2L. Mume wangu aliinunua mwaka 1993 kwenye mradi mmoja wa maji uliokuwa unafunga kazi. Miaka ile sangara alikuwa ndiye mfalme wa ziwa. Mume wangu alikuwa anashuka pwani za Majita usiku, anapakia samaki na barafu, na asubuhi yuko Musoma kwenye mizani ya kiwanda. Mwaka 1999 Ulaya ilipofunga soko la samaki wa ziwa letu, pikapu ikakaa bila kazi. Kazi ikaipata Oktoba ya mwaka huo huo. Mwalimu Nyerere alifariki London tarehe 14, akazikwa Butiama tarehe 23, na siku zile hakuna chombo chenye magurudumu kilicholala Musoma. Mume wangu alikwenda na kurudi Butiama mara nne kwa siku moja, watu wamejaa mpaka wanakalia kizingiti cha nyuma, hakumtoza mtu hata senti.

Nadhani ndipo gari lile lilipopata sifa yake ya misiba. Tangu hapo, mtu wa ukoo au wa mtaa akifiwa, hodi inapigwa kwetu. Bodi ya gari la milango minne ni fupi, kwa hiyo kizingiti hushushwa, jeneza likachungulia nje na kufungwa kamba. Nimeona majeneza yakichungulia hivyo kwa zaidi ya miaka kumi. La mwisho lilikuwa la mume wangu mwenyewe, mwaka 2012. Baada ya hapo niliifunga milango, funguo nikaziweka kwenye kopo la chumvi, nikaacha kuku watage ndani. Serikali ilipofuta ada ya mwaka ya leseni ya magari mwaka 2017 na kuihamishia kwenye bei ya mafuta, nilishukuru kimoyomoyo. Angalau gari lililosimama halikuwa tena na cha kudai.

Wazo la kulifufua si langu. Mwanangu aliyeko Minnesota alinitumia picha ya mzee jirani yake, mstaafu kama mimi, aliyepandisha kijumba juu ya mgongo wa pikapu kuukuu. Kijumba kina kitanda, meza na dirisha. Theluji imefika kwenye rimu za gari, na mzee na mkewe wako njiani, siku moja tu, kwenda kutazama ziwa lililoganda na kurudi nyumbani kulala. Mwanangu alituma picha ile ili tucheke. Mimi sikucheka. Nilichungulia dirishani nikaiona Hilux na kuku wake, na Ziwa Nyanza lile kule nyuma, haligandi hata siku moja, na sikukumbuka mara ya mwisho nilipolitazama bila ndoo mkononi.

Fundi niliyemwita ni mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ana gereji upande wa Nyasho. Alilizunguka gari mara mbili, akagonga bodi kwa bisibisi, bisibisi ikapenya.

"Shikamoo, Mwalimu. Hili tulizike."

"Marahaba. Gari halizikwi mpaka life, na hili halijafa."

Sakafu ya bodi ilikuwa imeliwa na kutu. Miaka ya barafu iliyoyeyuka na maji ya samaki haikwenda bure. Ukikanyaga vibaya mguu unatokea ardhini. Chesisi ilikuwa nzima isipokuwa pale springi za nyuma zinaposhikia, nayo ikatiwa kiraka cha chuma kinene. Nilijifunza kwamba kabla ya kuchomelea gari lazima betri ichomolewe, la sivyo umeme wa mashine unaunguza oltaneta. Nilijifunza pia kwamba mafundi wetu wana ugonjwa wa kutoa thamostati na kuitupa, eti nchi ina joto. Injini ya dizeli isiyopata joto lake inakunywa mafuta na kutoa moshi. Nilimwambia fundi hiyo airudishe, akanitazama kama nilivyokuwa namtazama yeye akiwa darasa la nne.

Injini ya 2L inavumilia karibu kila kitu ila kuchemka. Ikichemka mara moja kwa uzembe, silinda hedi inapata ufa. Dalili ni maji ya rejeta kupungua bila kuonekana yanakovujia, na moshi mweupe gari linapowaka asubuhi. Yetu ilikuwa na ufa wa urefu wa kidole. Tulipata hedi iliyotumika kutoka Mwanza, ikapelekwa kwanza kwa mtu wa mashine kupimwa na kusawazishwa uso, ndipo ikafungwa na gasketi mpya. Rejeta ilipofunguliwa ilitoa tope jekundu kama la kufinyangia vyungu.

Halafu bodi. Nilimchorea fundi kwenye karatasi ya daftari: fremu ya bomba za mraba, bati nje, plaiwudi ndani, urefu wa mtu aliyekaa na kilemba. Nilisafiri siku tano kwenda kwa dada yangu, niliporudi nikakuta boksi limekamilika, zuri, limenyooka, na halina dirisha hata moja. Nikauliza madirisha yako wapi. Akasema, "Mwalimu, si la kubebea ile shughuli?" Hata yeye! Tulikata madirisha mawili upya, yanayofunguka kwa kuinuka juu na kushikiliwa na fimbo, kama ya kioski. Ndani kuna maboksi mawili ya mbao, kifuniko ndicho kiti, juu yake sponji la godoro. Nyuma kuna rafu inayovutika nje kwa ajili ya jiko. Jiko la mkaa halipikiwi ndani, hilo lisiwe na mjadala, hata baridi iwe vipi, maana hewa ya mkaa haina harufu na inaua watu waliolala wakiota moto.

Kuhusu rangi tulibishana. Fundi alikuwa na kopo la bluu lililobaki kwenye kazi ya mtu, akanipa kwa bei nzuri. Kijana mmoja pale gerejini aliyekulia Nata akasema, bluu hapana. Mbung'o wanaipenda bluu na nyeusi kuliko rangi yoyote. Ndiyo maana mitego yao huko porini ni vitambaa vya bluu na nyeusi. Ukienda Serengeti na gari la bluu, alisema, umekwenda na mtego wako mwenyewe. Tukapaka rangi ya maziwa.

Hesabu yote, pamoja na tairi nne zilizotumika, betri mpya na ufundi, ilifika milioni tatu na nusu. Kuagiza gari jingine kutoka Japani nilishaulizia, na gari kuukuu hulipiwa ushuru wa ziada kwa sababu ya umri wake tu, kwa hiyo hilo tuliache. Ninachotaka kusema ni hiki. Nilipoomba ukoo unichangie, angalau tairi, kwa kuwa gari lile ni la wote, lilikuwa kimya. Ukoo wetu una kundi la WhatsApp la watu 84. Lilianzishwa kwa msiba wa mzee mmoja miaka minane iliyopita, na mpaka leo jina lake ni "Msiba wa Babu". Hakuna aliyewahi kulibadilisha, maana hakuna siku tuliyoona limekosea. Wiki tatu baada ya ombi langu kukosa majibu, binamu mmoja alifariki. Kufikia saa mbili usiku kundi lile lile lilikuwa limechanga zaidi ya milioni mbili. Nilichanga na mimi. Nilihesabu zile sahani, turubai, muziki, ng'ombe, jeneza la vioo. Binamu yule alikaa Kamunyonge, mji huu huu, miaka ishirini, nami niko Bweri, na sikuwahi kunywa chai kwake.

Najua jibu: msiba ni lazima, matembezi ni anasa. Nimelisikia na nimelisema. Tulipige hesabu basi. Musoma hadi Butiama haifiki kilomita hamsini. Hilux yangu mbovu inakwenda kilomita kumi kwa lita, kwa hiyo kwenda na kurudi ni lita tisa, ukizidisha kumi. Bei ya dizeli hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kila mmoja apige hesabu yake. Mimi naona siku hiyo nzima, pamoja na viazi vitamu, chupa ya chai na maziwa mgando, ni pungufu ya mchango mmoja wa heshima msibani. Asiye na gari, na hao ndio wengi, wanajua tayari namna ya kukodi Hiace kwa kuchangishana watu kumi na tano. Wanaifanya kila mwezi. Wanaijua mpaka namba ya simu ya dereva.

Na majira yetu ya kutembea ni haya ya kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti. Watu wa Makete na Njombe watanicheka nikisema Musoma kuna baridi, lakini saa kumi na mbili asubuhi ya Julai upepo unapita kwenye yale mawe makubwa ya ufukweni na mtu anatafuta sweta. Mvua imekwisha. Ule udongo mweusi wa mbuga za Bunda, ambao Aprili unameza lori mpaka ekseli, umekauka na kupasuka kama chapati. Mtama umeshavunwa, pamba inauzwa, kwa hiyo hata mfukoni si kama Januari. Shule zimefungwa Juni. Sabasaba na Nanenane zote ni sikukuu na zote zinaangukia humo humo. Siku mbili za mapumziko, na tunazilala.

Tuliyoyaona kipupwe kilichopita hayahitaji pesa nyingi. Ile Jumamosi ya Butiama, shangazi alipokwisha kuamini kwamba sote tu wazima, alivaa viatu akasema twende wote Mwitongo. Makumbusho ya Mwalimu Nyerere yalifunguliwa mwaka 1999, miezi michache kabla hajafariki, na shangazi anakaa jirani nayo, lakini alikuwa hajaingia. "Nilikuwa nasubiri mgeni," alisema. Mjukuu wangu ana miaka kumi na moja. Ameshajibu maswali ya mtihani kuhusu Mwalimu Nyerere zaidi ya mara tano, tarehe ya kuzaliwa kwake, 13 Aprili 1922, anaitaja kama jina lake mwenyewe, na hakuwa amewahi kufika. Shangazi akamweleza pale pale, amesimama kwenye jiwe, kwamba jina la Mwalimu, Kambarage, ni la mzimu wa mvua, alipewa kwa sababu siku ile anazaliwa ilikuwa inanyesha. Hilo kwenye mtihani halikuwemo. Mimi nikamwambia kwamba mwaka 1967, akiwa Rais, Mwalimu aliondoka hapa kwa miguu akatembea mpaka Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha. Mtoto aligeuka akaitazama pikapu pale chini, akanitazama mimi, akauliza, "Hakuwa na gari?" Nikamwambia alikuwa nalo. Akanyamaza mpaka tunaondoka.

Mwezi uliofuata tulimpitia shangazi saa kumi na mbili asubuhi, tukarudi barabara kuu kupitia Kiabakari, kuelekea Bunda. Hapo katikati trafiki alitusimamisha. Alilitazama boksi la nyuma, akatutazama sisi: mama mtu mzima kwenye usukani, bibi kizee pembeni ameinamisha kichwa (alikuwa anasinzia), watoto wawili kimya kiti cha kati. Akavua kofia.

"Poleni sana, mama. Mnampeleka wapi?"

Nikamwambia hatujabeba maiti. Tunakwenda kuangalia nyumbu. Alicheka mpaka akashika mlango. Kisha aliomba leseni, ambayo niliipata nikiwa na miaka 61, akaangalia kama kuna watu nyuma. Hakuna. Nyuma tunakaa gari likiwa limesimama tu. Kiti chenye mkanda ni cha mbele na cha kati. Napenda kuliandika hilo kwa sababu najua wapo watakaoiga bodi na kusahau sheria.

Ukiipita Bunda na mlima wa Balili, barabara ya Mwanza inateremka kwenye uwanda na kupita pembezoni kabisa mwa Hifadhi ya Serengeti, karibu na lango la Ndabaka, hifadhi upande mmoja na ziwa halipo mbali upande wa pili. Abiria wote wa mabasi ya Musoma na Sirari wamepita hapo. Wamepita wamelala. Kati ya Mei na Julai msafara wa nyumbu, zaidi ya milioni moja, hushuka ukanda huu wa magharibi na kuuvuka Mto Grumeti kabla haujageukia kaskazini kwenye Mto Mara. Wageni wanaruka na ndege usiku mzima, wanalipa kwa dola. Siku ile sisi hata langoni hatukuingia, ingawa kiingilio cha raia ni kidogo mno ukilinganisha na cha mgeni. Tuliegesha pembeni ya barabara, tukanyanyua madirisha ya kioski, tukatazama.

Walikuwepo. Si milioni. Labda mia mbili, na pundamilia wamechanganyika nao. Shangazi amezaliwa Butiama, amezeekea Butiama, ng'ombe anawajua kwa kwato, na alikuwa hajamwona nyumbu. Alikaa muda mrefu bila kusema. Kisha akauliza:

"Hawa wote nani anawachunga?"

"Hakuna, shangazi."

"Na usiku?"

"Wanalala hapo hapo."

Alitikisa kichwa kwa masikitiko ya mfugaji anayeona mali imeachwa. Nyani mmoja alipata mwanya akaondoka na chapati mbili. Ni kosa letu, dirisha tuliliacha wazi upande usio na mtu. Na nawaomba, mnyama wa porini asilishwe hata kwa bahati mbaya. Chai ilitosha. Saa kumi jioni tulikuwa tumeshamrudisha shangazi kwake, na saa kumi na mbili pikapu iko chini ya mwarobaini.

Sitaki kupamba. Safari ya tatu pampu ya maji ilianza kuvuja kabla ya njia panda ya Makutano, tukashinda gerejini badala ya kufika Kirumi, na mafunjo ya Mto Mara nitayaona mwaka huu Mungu akipenda. Na kila safari kuna jambo moja linaloiharibu, nalo ni choo. Basi likisimama porini kondakta anatangaza watu wakachimbe dawa, wanaume kulia, wanawake kushoto, na tumelizoea mpaka tunalitania. Lakini shangazi ana miaka zaidi ya themanini na magoti yake hayachuchumai nyuma ya kichaka. Tunahimizwa utalii wa ndani. Filamu ya Royal Tour ya mwaka 2022 iliwaita wageni, na vizuri wamekuja, wanalala kwenye hema zenye bafu la maji moto. Mtalii wa ndani ni bibi huyu. Yeye hataki hoteli, atalala kwake. Anataka mahali pa kusimama nusu saa: choo chenye mlango, mti wenye kivuli, benchi la saruji, bomba, na mama mmoja anayeuza mahindi ya kuchoma. Kituo kimoja karibu na njia panda ya Makutano, kimoja Bunda upande wa Balili, kimoja Butiama chini ya Mwitongo. Halmashauri zetu zikatoze mia tano mlangoni, tutalipa. Tumezoea kulipa.

Upande wetu sisi wenyewe, naomba kila ukoo wenye kundi la michango utenge msiba mmoja kwa mwaka ambao haujatokea. Changeni kama mnavyochanga, halafu nendeni kwa yule mzee mnayepanga kumzika kwa heshima, mkamchukue yeye mwenyewe, akiwa amekaa kiti cha mbele, mkampeleke mahali ambapo hajafika. Nililiandika hili kwenye "Msiba wa Babu" mwezi uliopita. Watu 84. Kumi na mmoja wameitikia mpaka sasa, na mmoja ameuliza kama kutakuwa na nyama.

Sabasaba hii tunaondoka Bweri saa kumi na moja na nusu alfajiri kwenda Bunda. Pikapu ni ya rangi ya maziwa, ina boksi la bati nyuma lenye madirisha mawili, na mwendo wake ni wa polepole kwa sababu ya injini, si kwa sababu nyingine. Tukikupita njiani, tupungie mkono. Kofia bakia nayo kichwani.